Windows 11: Home inatosha, au ununue Pro?

Pro haiongezi kasi, na ni vizuri hilo lijulikane kabla pesa haijatoka. Mfumo ni uleule, gemu zinacheza vilevile, na masasisho ya usalama yanafika kwenye Home na Pro kwa pamoja. Home inakubali RAM hadi GB 128 na prosesa moja. Pro inakwenda hadi TB 2 na prosesa mbili. Mtu anayekaribia vikomo hivyo huwa anajijua.

Anza kwa kuangalia ulicho nacho. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, bonyeza Enter. Kidirisha kinachofunguka kinataja kama ni Home au Pro. Wapo wanaonunua leseni ya Pro kumbe kompyuta ilikuja nayo.

Baada ya hapo jiulize kama utahitaji kuingia kwenye kompyuta hii ukiwa mbali. Hapa ndipo wengi wanapokosea ununuzi. Kwa kutumia Remote Desktop, kompyuta ya Home inaweza kuingia kwenye nyingine, lakini yenyewe haiingiliki. Kwa hiyo inayohitaji Pro ni ile unayoiacha mezani. Laptopu unayosafiri nayo ikiwa Home haidhuru. Kwenye ile ya mezani fungua Settings, System, Remote Desktop, kisha washa. Ikigoma, sababu huwa mojawapo ya mbili: akaunti haina nywila, na Windows haimruhusu mtu wa hivyo kuingia kutoka mbali, au kompyuta imelala. Weka Sleep iwe Never inapokuwa kwenye umeme. Tafadhali usifungue poti 3389, mlango ambao Remote Desktop hupitia, kwenye ruta ili uingie kupitia intaneti, maana poti hiyo huwindwa na wadukuzi usiku na mchana. Pitia VPN, yaani njia iliyosimbwa inayokuingiza kwenye mtandao wako ukiwa mbali. Na kama shida yako ni kumsaidia ndugu mara mojamoja, Quick Assist ipo hata kwenye Home, mradi yeye awe mbele ya skrini akubali.

Kama kompyuta itasimamiwa na ofisi, yaani iunganishwe na domeni ya Active Directory au Entra ID, mifumo ya Microsoft ya kusimamia kompyuta na akaunti za kazini, nunua Pro. Home haiwezi kujiunga, na hakuna ujanja wa kuzunguka hilo.

Suala la kufunga diski kwa usimbaji fiche ndilo linaloelezwa vibaya zaidi. Husemwa kwamba Home haina ulinzi huo. Inao, katika kompyuta nyingi za kisasa: fungua Settings, Privacy & security, utafute Device encryption. Mara nyingi hujiwasha yenyewe unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo wa kurejesha huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Pro inakupa BitLocker kamili, zana ya Windows ya kufunga diski: unaamua ufunguo ukae wapi, unaweza kudai PIN kabla Windows haijawaka, na unaweza kufunga flashi. Home inaifungua flashi iliyofungwa hivyo, ila haiwezi kuifunga yenyewe.

Kwa vyovyote vile, utafute ufunguo huo leo. Ni tarakimu 48, na kompyuta inaweza kuudai ghafla baada ya kusasisha BIOS (programu inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows) au kubadilisha ubao mama, kwa sababu chipu ya TPM, inayotunza funguo za diski, huona mashine imebadilika na hukataa kufungua diski. Bila ufunguo, mafaili yamekwenda. Fungua Terminal kama msimamizi, andika manage-bde -protectors -get C: kisha unakili tarakimu hizo kwenye karatasi inayokaa mbali na kompyuta. Kwenye Pro, simamisha BitLocker kwa Suspend protection kabla ya kugusa BIOS.

Waandaaji programu wafahamu kwamba Hyper-V (ya kuendesha kompyuta pepe) na Windows Sandbox (Windows ya muda ya kujaribia programu) ni za Pro tu, ila WSL, inayoendesha Linux ndani ya Windows, inafanya kazi kwenye Home, na VirtualBox, programu nyingine ya kompyuta pepe, pia. Mhariri wa sera, gpedit.msc, unaobadilisha mipangilio ya ndani ya Windows, ni wa Pro. Kwa masasisho, Home inakuruhusu kuyasitisha hadi wiki 5. Pro inaweza kuahirisha toleo jipya la Windows hadi siku 365.

Ukibaki na shaka, chukua Home. Kupanda ni rahisi: Settings, System, Activation, kisha ingiza ufunguo wa leseni ya Pro au ununue kupitia Microsoft Store. Kompyuta itajizima na kuwaka, mafaili na programu vikibaki mahali pake, ingawa nakala rudufu ni lazima uwe nayo. Kushuka kutoka Pro kwenda Home hakuna kitufe. Ni kufuta na kusakinisha upya. Funguo za bei ya kutupa uziepuke, kwani nyingine ni za leseni za makampuni na zinaweza kufungiwa baadaye.

Kuna jambo moja huwashtua waliopanda. Wakisakinisha Windows upya, wanajikuta kwenye Home. Kisakinishi husoma ufunguo wa Home uliowekwa kiwandani kwenye chipu ya BIOS na kuendelea bila kuuliza. Leseni ya Pro haijapotea. Rudi Activation uingize ufunguo wako tena. Kama ulinunua Store, ingia kwa akaunti ileile ya Microsoft kisha bonyeza Troubleshoot.