Kabla hujampeleka mgonjwa kliniki: misuli inapolegea na kope zikabadilika rangi

Dematomiositisi ni ugonjwa adimu. Kinga ya mwili inaigeukia misuli na ngozi. Ukiushuku, jipange kabla ya kutoka nyumbani.

Piga picha vipele vikiwa vimechachamaa. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Tafuta weusi au zambarau kwenye kope za juu, na vinundu mgongoni mwa viungo vya vidole. Mkorogo weka kando.

Usiseme "nimechoka" tu. Taja kinachokushinda: kusuka nywele, kupanda ngazi, kuinuka kitini. Ukianza kupaliwa na chakula au maji, hiyo ni dharura, usingoje tarehe ya kliniki.

Sasa hili lishike: ulizia kipimo cha CK, kimeng'enya cha misuli kinachopimwa kwenye damu. Mama yetu alianza kushindwa kuinuka kwenye msala, tukasema ni umri. Damu ilipopimwa, ALT na AST, vimeng'enya vinavyopimwa kuangalia ini, zikawa juu, tukaambiwa ini. Miezi minne alikunywa dawa za ini, na sisi nyumbani tukamnyima hata tui la nazi. Akakonda, akawa anaanguka bafuni. Kumbe vimeng'enya hivyo viwili vimo pia kwenye misuli, na misuli ikiharibika huvujia kwenye damu. Siku moja daktari kijana wa zamu alimwambia, "Mama, hebu inua mikono." Haikupita mabega. Akaandika CK. Majibu yakaja zaidi ya 6,000, na kikomo cha maabara ile kilikuwa 200. Mama anatembea sasa, lakini ngazi bado anashikwa mkono.

Ukishaanzishiwa prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza kinga, usiiache ghafla hata uso ukivimba. Mwili unakuwa umezoea kuitegemea, na kuikata kwa siku moja kunaweza kuua. Methotreksati, dawa nyingine ya kutuliza kinga, ukiandikiwa, ni mara moja kwa wiki, SI kila siku. Andika siku yake ukutani. Kwa mjamzito haifai kabisa, sema mapema.

Mtu mzima aulizie pia uchunguzi wa saratani, kwani wakati mwingine huandamana na ugonjwa huu. Mapafu nayo yapimwe. Jua huchochea vipele, vaa kofia na mikono mirefu. Dawa za mitishamba, chanjo, sindano za mtaani, uliza kwanza. Na kila karatasi ya maabara itunze, hata ile uliyoambiwa haina maana.