Ni "breakfast", si "breakfirst"

Pita asubuhi kwenye vibanda vya chai utaikuta ubaoni kwa chaki: "Breakfirst: chai, chapati, supu." Kosa lenyewe lina mantiki, maana ndicho chakula cha kwanza cha siku. Ila "first" haimo humo. Ni maneno mawili yaliyounganishwa: "break", kukatisha, na "fast", ambayo hapa si haraka bali kufunga, kukaa bila kula. Usiku kucha hujatia kitu mdomoni, asubuhi unafungua. Waingereza wanalitumia tangu karne ya 15.

Kwa hiyo kalamu ikisita, kumbuka kifungua kinywa chetu; picha ni ileile kabisa. Hata futari imetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa kufungua saumu, na Waarabu wenyewe chakula cha asubuhi wanakiita "futuur".

Kinachopotosha ni matamshi. Kikitamkwa peke yake, kipande cha kwanza ni "breik". Kikiungana kinakuwa "brek", na cha pili kinamezwa hadi sikio linasikia "first". Andika vyote viwili kamili, bila nafasi katikati.