Kupima limonini ya mafuta ya maganda ya machungwa kwa polarimita

Wanaokamua mafuta ya maganda huku Muheza, mkoani Tanga, huulizwa na wanunuzi swali lilelile: limonini, yaani kiambato kikuu cha mafuta hayo, ni asilimia ngapi? Polarimita, kifaa kinachopima kimiminika ndani ya mrija huzungusha mwanga kwa nyuzi ngapi, inatoa makisio ya kuaminika, kwa sababu limonini ya chungwa huzungusha mwanga uliopolarishwa (unaotetemeka katika mwelekeo mmoja tu) kwenda kulia kwa nguvu, na viambato vingine huchangia kidogo tu.

1. Tenga maji, koroga mafuta na sodiamu salfeti kavu (chumvi inayonyonya maji yaliyobaki), yaache yatulie, kisha chuja. Yakiwa na ukungu usiendelee.

2. Washa taa ya sodiamu mapema mpaka njano ikolee. Soma sifuri kwa mrija mtupu.

3. Jaza mrija wenye urefu wa milimita 100 mpaka mafuta yatune mdomoni, ndipo utelezeshe kioo kutoka pembeni. Kifuniko usikikaze sana: kioo kilichobanwa nacho huharibu usomaji.

4. Zungusha mpaka nusu mbili za duara zilingane kwa giza. Rudia mara kadhaa, chukua wastani.

5. Sasa tulia kidogo. Kifaa hakitofautishi nyuzi +96 (kulia) na −84 (kushoto), maana zimeachana kwa nyuzi 180 kamili. Rudia kwa mrija wa milimita 50. Ukipata +48, jibu ni +96. Ukipata −42, hayo si mafuta ya chungwa. Mrija mfupi unafaa pia kwa mafuta yaliyokolea rangi, yanayomeza mwanga.

6. Pima limonini safi kwa mrija na joto lilelile. Kwenye milimita 100 hukaribia +104. Gawanya: 96 kwa 104 ni takriban asilimia 92. Mafuta ya chungwa tamu yaliyokamuliwa bila moto huwa kati ya +94 na +99 kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Joto likipanda namba hushuka, kwa hiyo mchana wa Tanga, chumba kisipopozwa, utamwonea mkulima bure.

Polarimita hufichua pia uchakachuaji. Mafuta ya nazi, kwa mfano, karibu hayazungushi mwanga kabisa. Yakichanganywa kwa asilimia 10, ile 96 hushuka hadi kama 86. Ila mjanja anaweza kuongeza limonini ya dukani na namba ikarudi juu, na polarimita haitasema lolote. Ndiyo maana mimi hudondosha tone kwenye karatasi nyeupe na kuliacha hadi kesho yake: chungwa huacha alama hafifu ya nta, nazi huacha doa linalong'aa ukiinua karatasi dirishani.