Namna ya Kujaribu Uwatu au Karela Huku Ukiendelea na Vidonge vya Kisukari

Anayepita kwa wauza mitishamba wa Kariakoo ataonyeshwa uwatu, unga wa mlonge, kokwa za zambarau zilizosagwa, na chupa ya maji iliyojazwa dawa ya rangi ya kahawia isiyo na lebo. Chupa hiyo iache hapo hapo, kwani katika nchi kadhaa wachunguzi wamekuta vidonge vya hospitali vimesagwa na kuchanganywa kwa siri ndani ya dawa za aina hiyo.

Mimea si ya kudharauliwa. Metformini, wanayomeza wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili, ilitokana na utafiti wa kemikali ya mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, ikaanza kutumika kutibu kisukari Ufaransa mwaka 1957. Kemikali ya asili ya mmea wenyewe ilikuwa na sumu mno.

Kwanza mweleze daktari, kisha chagua mmea mmoja tu, unaoutambua kwa macho. Uwatu ni mbegu ngumu ya manjano yenye pembe; ukiuloweka usiku kucha, maji huvuta utelezi, na utelezi huo ndio nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu. Kijiko kimoja cha chai, pamoja na chakula, kinatosha kuanzia, mbali na saa ya kumeza vidonge. Mjamzito asiutumie kama dawa.

Wiki moja kabla ya kuanza, pima sukari kila asubuhi kabla ya kula na uandike kwenye daftari, uendelee hivyo baada ya kuanza, la sivyo utakuwa unasifia mmea kwa kubahatisha. Vidonge usiache, na anayechoma insulini asithubutu kuipunguza kwa shauri la muuzaji.

Hatari kubwa, hasa kwa anayemeza glibenklamaidi (kidonge cha kisukari kinachosukuma mwili kutoa insulini) na kunywa maji ya karela (tunda chungu la jamii ya tango), ni sukari kushuka kupita kiasi. Ukiona jasho jembamba, mikono inatetemeka na njaa imekushika ghafla, pima. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L (kipimo cha sukari kwenye damu), koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Mgonjwa akipoteza fahamu asinyweshwe chochote, apelekwe hospitali mara moja, na daftari lake lichukuliwe pamoja na kilichobaki cha dawa aliyokunywa.