Namna ya Kuingiza Kinga ya Magonjwa Sugu katika Mpango na Sheria Ndogo za Kijiji

Sera ya kudhibiti magonjwa yasiyoambukiza hutungwa Dodoma, lakini kisukari na shinikizo la damu humkuta mtu nyumbani kwake Tukuyu, Kilolo au Makambako. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, takribani asilimia 26 walikuwa na shinikizo la juu la damu na asilimia 9 walikuwa na kisukari. Maelezo yafuatayo yanawahusu wajumbe wa halmashauri ya kijiji na watendaji wanaotaka sera hiyo ionekane katika bajeti na sheria zao wenyewe.

Anzeni na kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, ila vipaumbele vya vijiji hukusanywa miezi mingi kabla, hivyo hoja inayoletwa Aprili imeshachelewa hata ikiwa nzuri. Katika Nyanda za Juu Kusini, Septemba na Oktoba ndiyo miezi inayofaa, kwa kuwa mvua zikishaanza watu huwa mashambani na akidi ya mkutano haipatikani.

Kabla ya mkutano, mwombeni mganga mfawidhi wa zahanati awatolee idadi ya wagonjwa wa shinikizo la damu, kisukari na kikohozi cha muda mrefu kutoka katika madaftari ya MTUHA, yaani rejista za taarifa za huduma za afya zinazojazwa kituoni, bila majina. Idadi hiyo itakuwa pungufu, kwa sababu mwenye shinikizo la damu anaweza kuishi miaka mingi bila kuumwa popote. Kwa hiyo ombeni pia mashine ya kupimia ipelekwe gulioni kwa siku moja au mbili. Matokeo ya gulio yatawashawishi wanakijiji kuliko hotuba yoyote.

Chagueni mambo mawili au matatu tu. Ningependekeza la kwanza liwe moshi, ambao kwa maoni yangu umesahauliwa mno. Baridi ya Njombe na Mufindi huwafanya watu wafunge madirisha na kukaa jikoni karibu na kuni, na wanaovuta moshi huo kwa saa nyingi zaidi ni akina mama na watoto wadogo, ambao mapafu yao huharibika taratibu ingawa hawajawahi kushika sigara. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kijiji kinaweza kuanza na jiko la shule, kisha kikahimiza bomba la moshi na dirisha katika kila jiko jipya linalojengwa.

Jambo la pili ni tumbaku na pombe. Sheria ya mwaka 2003 ya kudhibiti bidhaa za tumbaku inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya umri wa miaka 18, lakini dukani sigara moja moja huuzwa kwa mtoto aliyetumwa na baba yake. Sheria ndogo itaje wazi kwamba kutumwa si udhuru. Kuhusu pombe, wekeni saa za kufungua na kufunga vilabu na umbali wake kutoka shuleni, wala msipige marufuku ulanzi, yaani pombe ya mianzi: marufuku itauhamishia uvunguni, na wanawake wanaosomesha watoto kwa mauzo yake wataipinga sheria nzima.

Rasimu huandaliwa na halmashauri ya kijiji, ikajadiliwa katika mkutano mkuu wa kijiji, kisha ikapelekwa halmashauri ya wilaya pamoja na muhtasari wa kikao ili iidhinishwe. Mpeni mwanasheria wa wilaya rasimu mapema aangalie kiwango cha faini na kama kuna kifungu kinachopingana na sheria ya nchi. Muhtasari usioonyesha mahudhurio na sahihi hurudishwa, na hapo miezi hupotea.

Kuhusu fedha, msisubiri wilaya peke yake. Tangu mwaka wa fedha 2017/2018 vituo vya kutolea huduma hupokea sehemu ya fedha moja kwa moja katika akaunti zao, na kamati ya usimamizi wa kituo, yenye wawakilishi wa wananchi, ina sauti katika mpango wa kituo. Wawakilishi wenu waombe vipimo vya sukari, betri za mashine ya shinikizo la damu na dawa za kutosha, maana kumpima mtu na kumwambia anaumwa huku dawa hakuna ni kumfukuza asirudi tena. Mahitaji makubwa kuliko uwezo wa zahanati yapitishwe kwenye kamati ya maendeleo ya kata, ambako diwani atayachukua kwenda wilayani.

Sheria ikishaidhinishwa, ibandikeni ofisi ya kijiji na kwenye vilabu vyenyewe. Mkutano mkuu hukaa kila baada ya miezi mitatu. Katika kila kikao mtendaji asome idadi ya waliopimwa, walioanza dawa, walioacha kuzifuata, na faini zilizotozwa pamoja na mahali zilikokwenda.