Kabla ya Kutundika Kisu Kwenye Pete ya Funguo

Anayeuza mitumba katika soko la Kibuye, Kisumu, hawezi kumaliza siku bila kitu cha kukatia. Robota hufika limekazwa kwa mikanda ya plastiki, na meno hayakuumbwa kwa kazi hiyo. Mimi nina kisu kidogo cha kukunja, na kwa kuwa funguo za kibanda ndizo kitu pekee nisichosahau nitokapo nyumbani, kisu nacho kilihamia kwenye pete ya funguo. Kimenifaa sana. Ila yapo mambo ambayo laiti ningeambiwa mapema.

Kubwa kuliko yote ni hili: hakikisha kisu kinachomoka upesi. Changu nilikitia kwenye pete ileile ya chuma iliyojikunja mara mbili, ile inayovunja kucha. Siku moja alasiri nilienda ofisi moja mjini kufuatilia stakabadhi. Mlinzi akakiona, akasema kibaki mlangoni. Nikahangaika na ile pete, foleni ikazidi kurefuka nyuma yangu, mwishowe nikaacha vyote na kuingia. Nilipotoka zamu ilikuwa imebadilika, na aliyeshika lindo hakujua funguo zimewekwa wapi. Usiku ule nililala kwa dada yangu Manyatta. Zilipatikana kesho yake, nikafungua kibanda saa nne, na wateja wa alfajiri, wale wanaowahi kuchagua nguo safi, walikuwa wameshapita.

Sasa nina pete mbili, moja ya funguo na moja ya kisu, zimeunganishwa kwa kulabu ndogo yenye springi. Nikibonyeza, kisu kimetoka. Asubuhi kabla ya kufunga mlango najiuliza leo naenda wapi. Nikiwa na safari ya kortini, benki, shuleni kwa watoto au uwanja wa ndege, kisu kinabaki nyumbani. Anayepanda ndege akikihitaji aendako, akitie kwenye mzigo unaokabidhiwa, si mkoba wa mkononi. Kwenye mkutano wa hadhara na maandamano usikibebe kabisa, maana sheria ya Kenya inakataza kwenda huko na silaha. Tena kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa mtu anayekutwa na silaha ya hatari katika hali inayoonyesha alikusudia uhalifu. Kisu cha kazi kina maelezo yake mchana sokoni. Usiku wa manane barabarani, maelezo hayo ni magumu kuyatoa.

Uzito nao ni wa kuangaliwa, hasa kwa mwenye gari au pikipiki. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliyaita yarudi kutengenezwa magari mengi yenye hitilafu kwenye swichi ya kuwashia injini, na ikawashauri madereva watumie ufunguo peke yake, bila kitu kingine kwenye pete, kwa sababu uzito ungeweza kuzungusha swichi gari likiwa mwendoni. Mimi ningetenga ufunguo wa pikipiki moja kwa moja.

Watu wengi huhofia kisu kitakwaruza simu. Usiviweke mfuko mmoja, sawa, lakini mchanga unaokaa mfukoni ndio wenye madhara zaidi, kwani chembe zake huwa ngumu kuliko kioo cha simu. Geuza mfuko nje, ukung'ute.

Visu vingi vidogo vya kukunja havina kifungio cha kushikilia ubapa ukiwa wazi. Ukisukuma kwa ncha, kisu hujikunja juu ya vidole. Kata kwa kuvuta, makali yakielekea mbali nawe. Ukikata mkanda wa robota, simama pembeni, uso usiwe juu yake, kwa maana mkanda uliokazwa huruka. Ingiza ubapa ukiwa umelala, makali yakitazama ukingo wa mkanda. Ukikita ncha chini utatoboa blauzi ya juu, nayo ndiyo mara nyingi ingekuwa ya bei.

Ukikatia embe, kioshe na ukikaushe siku hiyohiyo, maana utomvu na maji ya tunda huleta kutu. Kwenye kiungo chake tone moja la mafuta ya cherehani linatosha. Mafuta ya kupikia huganda na kunata. Kufuli linalokwama lipe unga wa risasi ya penseli, uupake kwenye meno ya ufunguo, uzungushe mara kadhaa.

Na kabla ya yote hayo, chonga ufunguo wa akiba. Mpelekee fundi ule wa asili, si nakala, kwa sababu kila nakala ya nakala hubeba kasoro za iliyotangulia. Ujaribu kwenye kufuli kabla hujauhifadhi, kisha uweke mbali na pete yako. Wangu uko kwa dada yuleyule wa Manyatta.