Jinsi ya kuchagua, kukagua na kupiga shabaha kwa Mauser ya zamani ya jeshi la Uswidi

Uswidi haikupigana katika vita vya kwanza wala vya pili vya dunia. Bunduki zake za Mauser zilikaa ghalani, zikapita mikononi mwa mafundi wa jeshi mara kwa mara, na mara nyingi matokeo ya ukaguzi wao bado yamebandikwa kwenye kitako. Anayejua kuyasoma hapunjwi na muuzaji. Ndiyo maana huwa namshauri mtu anayeanza kukusanya bunduki za kijeshi aanzie hapa.

Hatua ya 1: Kibali kwanza

Nchini Uswidi polisi hutoa kibali kwa kila bunduki. Mpiga shabaha anatakiwa kuwa mwanachama hai wa klabu; mkusanyaji hueleza mkusanyo wake utahusu nini, na bunduki hukaa kwenye kabati la chuma lililoidhinishwa. Marekani, bunduki iliyotengenezwa kabla ya 1899 huhesabiwa kuwa ya kale katika sheria ya shirikisho, ila majimbo yana sheria zake. Usilipe hata arubuni kabla ya kujua sheria ya unapoishi.

Hatua ya 2: Chagua aina

Zinazopatikana zaidi ni tatu, na zote hutumia risasi ya 6.5×55 iliyobuniwa na Uswidi na Norwe kwa pamoja. Herufi m ni modeli, na namba ni mwaka wake. Karabini ya m/94 ni fupi, nyepesi, na kelele yake ni kali. Ya m/96 ni ndefu, mtutu wake milimita 739. Ya m/38 ni ya kati, mtutu milimita 600. Nyingi za kwanza zilikuwa m/96 zilizokatwa. Juu ya chemba, yaani sehemu ya chuma nyuma ya mtutu risasi inapokaa, utaona jina la kiwanda na mwaka: Mauser ya Oberndorf kule Ujerumani, Carl Gustafs ya Eskilstuna, au Husqvarna ya miaka ya 1940.

Kwa maoni yangu, anza na m/96. Uzito wake unameza teke la bunduki inapofyatuliwa, na nafasi ndefu kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele inasamehe makosa ya jicho. Ya wadunguaji wa jeshi, m/41 yenye darubini, iache mpaka uwe mzoefu. Ni ghali, na za kughushi zipo.

Hatua ya 3: Linganisha namba

Namba kamili iko kwenye chemba. Tarakimu zake za mwisho zilipigwa kwenye vipande vingi vidogo: bolti (komeo linalofunga risasi ndani), sefti (kizuizi cha usalama), sahani ya chini ya magazini, pete za mtutu, bamba la kitako. Chukua tochi na uvipitie kimoja kimoja. Bolti yenye namba nyingine si lazima iwe mbovu, lakini fundi aipime kwa geji kabla hujaweka risasi, na bei ishuke. Ukikuta herufi SA ndani ya kisanduku, bunduki hiyo ilipita jeshi la Ufini. Kwangu mimi hiyo ni historia, si dosari.

Hatua ya 4: Soma kibati cha shaba

Hapa usiharakishe. Upande wa kulia wa kitako kuna kibati cha mviringo cha shaba ya njano kilichogawanywa sehemu tatu, na mkaguzi alikuwa akipiga alama ndogo ya pembetatu karibu na tarakimu.

Sehemu kubwa inaeleza upana wa ndani wa mtutu. Imeandikwa 6,5 na kufuatiwa na tarakimu; alama ikiwa kwenye 1, mtutu ulipimwa milimita 6.51. Kadiri tarakimu inavyopanda ndivyo mtutu ulivyolika. Sehemu yenye 1, 2 na 3 ni hali ya ndani: bila alama ni safi kabisa, na kadiri tarakimu inavyopanda ndivyo madoa na kutu vinavyozidi. Sehemu ya tatu, yenye neno Torped, inaonyesha risasi yenye ncha kali hupita juu ya shabaha kwa kiasi gani. Kipimo chake ni streck. Moja ni kama sentimita 10 kwenye mita 100.

Lakini kibati kimeshikwa na skrubu tu, na skrubu hufunguka. Kiamini baada ya kutazama mtutu wenyewe. Toa bolti, elekeza mtutu kwenye mwanga, tazama kutoka nyuma kisha kutoka mdomoni. Kingo za mifereji, ile michoro ya ndani inayozungusha risasi, ziwe kali hadi mwisho. Mdomo ndio huumia zaidi, kwa sababu ya watu waliosafisha kwa kuingiza fimbo kutokea mbele.

Hatua ya 5: Risasi

Vilengeo vya asili vilipangwa kwa kichwa cha risasi kizito cha duara cha gramu 10.1. Jeshi lilipohamia risasi ya m/41 (jina moja na bunduki ile ya darubini), yenye kichwa chenye ncha cha gramu 9.1, vilengeo vingi vikarekebishwa. Koo la mtutu, sehemu ya kabla mifereji haijaanza, ni refu kwa ajili ya kile kichwa cha zamani, kwa hiyo vichwa vyepesi vifupi mara nyingi havikusanyi matundu vizuri. Mimi hupendelea gramu 9.1 au 10.1 za kiwanda.

Ukijitengenezea risasi mwenyewe, usizijaze baruti kwa nguvu ya bunduki za kisasa. Bolti hii ni ya kabla ya mfumo wa Mauser wa 1898 na haina jino la tatu la usalama, lile la akiba. Vaa miwani kila mara. Na ukikuta risasi za zamani zenye kichwa cha mti, usizipige: zilikuwa za mazoezi, na zilihitaji kifaa maalumu cha kufungwa mdomoni ili kichwa kisagike.

Hatua ya 6: Uwanjani

Anza mita 50. Bolti hii hukaza springi wakati wa kufunga, si wakati wa kufungua, basi isukume mbele kwa nguvu moja bila kusita. Kifyatuo kina hatua mbili: vuta mpaka kikwame, tulia, kisha bana polepole.

Ukihamia mita 100 utaona matundu yako yako juu, pengine sentimita 20. Usishangae, mstari wa chini kabisa wa kilengeo ni wa mita 300. Wengine hukimbilia tupa na kukwangua kilengeo cha mbele. Hiyo inapandisha risasi zaidi! Unahitaji kilengeo kirefu zaidi. Pima nafasi kati ya vilengeo viwili, zidisha kwa kosa lako, gawanya kwa umbali. Tuseme nafasi ni milimita 650 na kosa ni milimita 200 kwenye mita 100: 650 × 200 ÷ 100,000 ni 1.3. Tafuta kilengeo kilichozidi cha sasa kwa milimita 1.3, na cha asili kihifadhi kwenye bahasha yenye namba ya bunduki. Matundu yakienda kushoto, sogeza kilengeo cha mbele kushoto.

Hatua ya 7: Kusafisha

Safisha siku hiyohiyo, kutoka nyuma. Kama ulitumia risasi kuukuu usizozijua, mimina kwanza maji ya moto ndani ya mtutu kuyeyusha chumvi inayoachwa na fataki (kiwashio cha risasi), kausha kabisa, kisha paka mafuta. Mbao zipake mafuta ya kitani kidogo kwa kitambaa. Msasa usiuguse kabisa, maana unafuta mihuri ya wakaguzi, na mhuri uliofutwa haurudi. Kabla ya safari inayofuata, pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu. Mafuta yaliyobaki huipotosha risasi ya kwanza.